Kwenda Venice: tazama kalenda kabla ya bei ya ndege

Ndugu akikuambia ameshakata tiketi ya Venice ya msimu wa Pasaka, muulize kwanza: utalala wapi? Tangu 2024 mji huo unatoza ada ya kuingia kwa wanaokuja mchana na kuondoka. Si kila siku. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukilipa mapema ni euro 5, ukingoja siku tatu za mwisho ni euro 10.

Hela yenyewe ndogo. Mtego uko kwenye msamaha. Anayelala ndani ya manispaa ya Venice halipi, na Mestre, sehemu yake iliyo bara, imo. Lakini kutolipa hakumaanishi kukaa kimya: ni lazima ujaze fomu kwenye tovuti ya cda.ve.it, uchague sababu ya msamaha na upewe msimbo wa QR. Narudia: hata usiyelipa, jiandikishe. Faini ni euro 50 hadi 300, na Waitaliano, pamoja na ukarimu wao wote, karatasi hawaifanyii mzaha. Kibao kipo, basi imekula kwako.

Mtego wa pili ni ndugu wa mtego huo. Hoteli nyingi za bei nafuu hujitangaza kuwa "Venice" ilhali ziko Mogliano Veneto au Quarto d'Altino, manispaa nyingine kabisa. Ukilala huko, unalipa. Mama mdogo, usisome jina la hoteli, soma anwani. Tena soma anwani.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Ila mnaoishi Uingereza kwa pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda: kibali cha Uingereza hakifungui mlango wa Schengen.

Basi uende lini? Novemba na Desemba maji ya bahari hupanda. Milango ya MOSE, ya kuzuia maji ya bahari yasiingie mjini, iliyoanza kazi Oktoba 2020, kwa kawaida huinuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110, ilhali Uwanja wa San Marco huanza kulowa kabla ya hapo. Beba mabuti ya mpira. Februari kuna Carnevale, sherehe ya vinyago, bei hupaa. Mimi nasema Januari, baada ya tarehe 6 hadi kabla ya Carnevale: baridi ya kukata masikio, lakini vyumba vinashuka bei na njia zinapitika.

Sanduku liwe dogo, maana madaraja ni ya ngazi. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75. Gusisha tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, hata kama umeinunua sasa hivi. Na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa kutoka Padova, mji wa jirani, igonge muhuri kwenye mashine ya kituoni. Mkaguzi hatakuuliza kama ulijua.