Ukilalamikiwa hakimiliki kwenye tovuti yako

Tovuti za Bagamoyo, ziwe za nyumba za wageni, waongoza watalii au vikundi vya ngoma, ni rahisi kulalamikiwa kwa sababu ya picha. Magofu ya Kaole yenyewe hayana wa kukudai hakimiliki, lakini picha ya magofu hayo ina mwenyewe. Haihitaji hata kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda tangu ilipopigwa. Na kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" si ruhusa.

Lalamiko likifika, usikimbilie kufuta. Piga kwanza picha ya skrini ya ukurasa mzima, anwani yake ikionekana, kisha andika jina la faili, siku iliyowekwa na nani aliyeiweka. Ukifuta kabla ya hapo, huna cha kujitetea nacho wala cha kumuulizia aliyeiweka.

Soma kama lalamiko limekamilika: mlalamikaji ni nani, kazi yake ni ipi, iko kwenye ukurasa upi hasa, anadai kwa haki gani, na anapatikanaje. "Mmeniibia picha" peke yake haitoshi. Jibu siku hiyohiyo ukiomba kilichokosekana. Usifungue kiambatisho wala kiungo cha "ushahidi" kutoka kwa mtu usiyemjua, maana virusi husambazwa kwa njia hiyo. Mtilie shaka pia anayejiita mwanasheria lakini hataki picha iondolewe, anataka tu uweke kiungo cha tovuti fulani. Huyo anatafuta kuipandisha tovuti hiyo kwenye Google.

Kuthibitisha umiliki, omba faili asilia yenye taarifa za kamera. Nakala iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida hupoteza taarifa hizo, kwa hiyo kutoziona kwenye faili lako si hoja. Kipimo kizuri zaidi ni picha mbili tatu zilizopigwa kabla na baada ya hiyo. Mwizi ni nadra kuwa nazo.

Video za ngoma, kama zile za tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni ngumu zaidi. Aliyerekodi ana haki yake, mtunzi wa muziki ana yake, na wachezaji wana hakishiriki, yaani haki ya msanii juu ya onyesho lake. Risiti ya kumlipa mpiga video haijibu dai la mchezaji.

Dai likiwa la kweli, ondoa ndani ya saa 24, na uondoe kikamilifu. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaitoa picha kwenye makala, wanamwandikia mlalamikaji kwamba imetoka, naye akifungua anwani ya faili anaikuta palepale. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, huhifadhi picha moja kwa vipimo kadhaa, hivyo ifute kwenye maktaba ya faili, safisha kashe ya tovuti (nakala za muda za kurasa), kisha jaribu anwani ya faili kwenye kivinjari cha faragha. Matokeo ya Google huchelewa kubadilika. Mwambie mlalamikaji hilo mapema, asidhani unamzungusha.

Tovuti ikihifadhiwa na kampuni ya Marekani, lalamiko laweza kupelekwa kwao moja kwa moja kwa DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni, nao wakafunga ukurasa kabla hujaulizwa. Ukiwa na haki, unaweza kupeleka pingamizi. Kampuni hurudisha maudhui baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji afungue kesi. Ila pingamizi husainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo, na unakubali mamlaka ya mahakama ya huko. Usilipeleke kwa hasira.

Jibu lako liwe fupi: "Tumepokea lalamiko lako la tarehe fulani. Picha iliyokuwa kwenye anwani hii imeondolewa leo saa fulani pamoja na nakala zake." Usikiri kosa wala usiahidi fidia humo. Akidai malipo, mwombe mchanganuo wa bei yake ya kawaida ya leseni, na umwone wakili kabla ya kutuma hata shilingi.