Nyumba ya Pwani Ndani ya Geti: Omba Mihtasari ya Vikao Kabla ya Kutoa Senti

Mwaka 2023, miezi miwili baada ya kuhamia katika fleti yetu ya ghorofa ya nne kwenye pwani ya magharibi ya Florida, nilipokea barua kutoka chama cha wamiliki wa jengo. Ndani yake mlikuwa na jedwali la kurasa mbili, na mkabala na namba ya fleti yetu palikuwa pameandikwa dola 41,300, zilipwe kwa awamu tatu ndani ya mwaka mmoja. Hatukuwa tumeharibu kitu wala kukosa ada ya mwezi. Ulikuwa ni mchango maalumu wa kukarabati zege la jengo zima, na wamiliki wenzetu walikuwa wamekwisha kuujadili kwa mwaka mmoja na nusu kabla sisi hatujaliona hilo jengo.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumefundishwa kuogopa hati. Tunajua kwenda ofisi ya ardhi kukagua kama pana zuio, kumwuliza mwenyekiti wa mtaa na majirani wa mpakani, na kukumbuka kwamba kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu. Hofu hiyo niliibeba hadi Marekani na nikaimaliza yote kwenye hati, ambayo ilikuwa safi na ilikatiwa bima yake kama ilivyo kawaida huku. Sikujua kwamba mnunuzi wa nyumba ndani ya mtaa wenye geti kama wetu hununua pia uanachama wa lazima katika chama, pamoja na madeni, ugomvi na uzembe wa miaka yote ambayo yeye hakuwapo. Huwezi kujitoa katika chama hicho maadamu nyumba ni yako. Usipolipa, deni huishikilia nyumba yenyewe, na chama kinaweza kwenda mahakamani ikauzwa hata kama benki unailipa bila kukosa mwezi. Zaidi ya hayo, sheria ya Florida humfanya mnunuzi mpya awajibike pamoja na muuzaji kwa ada ambazo muuzaji aliziacha bila kulipa.

Ili kuelewa kwa nini barua kama yangu zilienea katika pwani ile, ni lazima kurudi usiku wa tarehe 24 Juni 2021, pale Surfside karibu na Miami, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South ilipoporomoka watu wakiwa usingizini, wakafa 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kuonya juu ya uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Wamiliki walivutana kuhusu gharama, na hatimaye mchango wa takriban dola milioni 15 ukapitishwa, malipo yake yakipangwa kuanza tarehe 1 Julai, wiki moja tu baada ya siku ambayo jengo lilianguka. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria inayotaka majengo ya fleti zenye wamiliki, kuanzia ghorofa tatu kwenda juu, yakaguliwe na wataalamu yanapofikisha miaka 30, na karibu na maji ya chumvi mamlaka za eneo zinaweza kudai ukaguzi huo kwenye miaka 25. Sheria hiyo pia iliondoa desturi ya wamiliki kupiga kura ya kutoweka akiba ya matengenezo ya nguzo, paa na msingi. Ni sheria njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kwa majengo yaliyokaa miongo mitatu bila akiba ilimaanisha kwamba bili ya miaka yote hiyo ingemwangukia yeyote atakayekutwa anamiliki.

Aliyekutwa ni mimi. Siku tulipoonyeshwa fleti niliona chini ya baraza ya jirani wa juu doa la rangi ya chai ya rangi, limetiririka kutoka kwenye ufa mwembamba kama uzi. Dalali akaniambia kwamba ni suala la rangi tu. Leo najua kwamba doa la namna ile ni kutu ya nondo zilizofikiwa na chumvi ya bahari, na kwamba nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mkaguzi niliyemlipa alikagua fleti yangu, yaani mabomba, umeme na kiyoyozi. Jengo lenyewe halikuwa kazi yake, na mimi sikujua kuuliza nani mwenye kazi hiyo.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: omba mihtasari ya vikao vya bodi ya chama ya miaka mitatu iliyopita kabla hujatoa malipo ya awali. Usikubali kuambiwa kwamba utapewa siku ya kusaini. Usikubali muhtasari wa dalali wa mihtasari hiyo. Isome mwenyewe, au mlipe mwanasheria aisome, ukitafuta maneno kama zege, paa, mhandisi, zabuni, mkopo na kesi. Katika jengo letu neno zege lilikuwamo katika vikao saba mfululizo. Niliyahesabu baadaye, nikiwa nimekaa sakafuni na karatasi zile, na sijapata kujilaumu kama siku ile. Pamoja na mihtasari, omba ripoti ya ukaguzi wa jengo, ripoti ya akiba ya matengenezo, bajeti ya mwaka, na barua ya chama inayotaja kila deni la nyumba hiyo. Ada ya mwezi ikiwa ndogo kuliko ya majengo jirani, usifurahi mpaka ujue kwa nini. Mara nyingi unafuu huo ni akiba ambayo haikuwekwa.

Mtego wa pili ni bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Nairudia kwa sababu hata watu waliokaa Marekani miaka ishirini wananibishia: hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko hukatwa peke yake, na ile ya mpango wa serikali ya shirikisho ina kikomo cha dola 250,000 kwa nyumba ya familia moja na dola 100,000 kwa vitu vya ndani, tena kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo haisaidii kuikata kimbunga kikiwa kimeshatangazwa. Kuna pia sehemu ya hasara ambayo unabaki nayo mwenyewe kimbunga kikipiga, na hiyo mara nyingi huhesabiwa kwa asilimia ya thamani iliyowekewa bima, wala si ya hasara yenyewe: nyumba ya dola 600,000 yenye asilimia 5 inakuachia dola 30,000 za kwanza. Pata bei ya bima zote kwa maandishi kabla ya kukubaliana bei ya nyumba.

Kuhusu kodi ambayo mmiliki huilipa serikali kwa ajili ya nyumba, usiangalie anayolipa muuzaji. Huku Florida makadirio ya thamani ya nyumba ya mkazi wa kudumu, ambayo kodi hiyo huhesabiwa kwayo, hayawezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, lakini nyumba ikiuzwa hurudishwa kwenye bei ya soko, na kodi yako inaweza kuwa mara mbili ya yake. Mengine ni ya kawaida: ramani ya mafuriko ya anwani husika, takwimu za uhalifu za polisi wa eneo, shule, hospitali, na kuutembelea mtaa usiku na siku ya mvua.

Nimesema uhalifu, nami sina budi kueleza neno usalama linavyotumika huku. Geti huwapa wakazi utulivu, lakini utulivu huo umejengwa juu ya kumjua nani ni wa humu na nani si wa humu, na wanaotazamwa kwanza ni vijana wetu weusi. Tarehe 26 Februari 2012, katika mtaa wenye geti mjini Sanford, Florida, kijana mweusi Trayvon Martin wa miaka 17 alipigwa risasi akafa, alipokuwa akirudi kutoka dukani kwenda nyumba ambayo alikuwa mgeni. Aliyempiga alikuwa mlinzi wa kujitolea wa mtaa huo, na mahakama ilimwachia huru mwaka 2013. Mwenye watoto wa kiume asichague mtaa kwa kuangalia urefu wa uzio. Atembee ndani yake jioni kwa miguu pamoja na mwanawe, aone nani anawasalimu na nani anapunguza mwendo wa gari. Wakazi wa mitaa hii si watu wabaya, na jirani yangu wa pembeni alitusaidia kufunga madirisha tulipokuwa wageni wa vimbunga. Hata hivyo, ni jamii ambayo mtu huona taabu kukugongea mlango akuambie gari lako limeegeshwa vibaya, na badala yake hupeleka malalamiko kwa chama ili uandikiwe barua ya faini. Kwetu jirani angepiga hodi.

Na ninyi ndugu zetu mlio nyumbani, tunawapenda, lakini mkiona picha ya bahari nyuma ya sebule msihesabu kwamba tumeshatajirika. Mjomba alinipigia simu juma lile lile la barua, akiuliza kwa nini mtu mwenye nyumba ufukweni anashindwa kuchangia harusi, na nilikosa maneno ya Kiswahili ya kumweleza mchango maalumu wa zege.

Mdogo wangu aliyeko Texas ameona fleti upande wa Atlantiki na ana hamu ya kutuma malipo ya awali wiki hii. Nimemsihi asitume mpaka mihtasari ifike mkononi. Ameiomba mara mbili, na hadi naandika haya chama hakijamjibu. Nimemwambia aihesabu kimya hiyo kuwa ndiyo jibu la kwanza, kisha aombe mara ya tatu kwa barua ya rejista.