Mtoto ametahiriwa, sasa yuko nyumbani: namna ya kumuuguza

Likizo ya Desemba ikianza, foleni ya tohara kwenye chumba chetu cha upasuaji mdogo hufika hadi koridoni. Kazi ya mpasuaji ni nusu saa au pungufu, iliyobaki ni yenu wa nyumbani. Watoto wengi wanaorudishwa kwetu hawana tatizo la upasuaji. Kidonda kimeguswaguswa tu, kikamwagiwa hiki na kile mpaka kikakasirika. Maelezo haya ni ya mtoto wa miaka mitatu hadi kumi hivi, aliyekatwa na kushonwa nyuzi. Kama wenu amevalishwa kipete cha plastiki, fuateni mliyoelekezwa huko huko.

Hatua ya 1: Kabla hamjatoka hospitali

Ulizeni uzito wake wa leo, siku ya kufungua bandeji, na namba ya kupiga usiku. Onyesheni pia kadi ya kliniki. Kinga ya pepopunda imo ndani ya chanjo ya penta anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama aliruka, semeni sasa hivi, msione aibu.

Hatua ya 2: Dawa itangulie maumivu

Ganzi ikiwa bado inafanya kazi, mtoto hucheka na kudai soda, na mama hudhani mambo yamekwisha. Kilio huanza magharibi. Kwa hiyo mpe parasetamo mkifika tu nyumbani, kisha kila baada ya saa 6 kwa siku mbili za mwanzo, bila kuzidi mara nne kwa siku.

Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 240. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo atakunywa mililita 10. Lakini someni chupa kwanza, maana zipo zenye miligramu 250 katika mililita 5, na humo mililita 10 ni karibu mara mbili ya anachohitaji. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini asipewe kabisa.

Kama alilazwa kwa nusu kaputi, aanze na maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi. Kutapika mara moja si ajabu.

Hatua ya 3: Bandeji

Doa la damu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili ni la kawaida. Likizidi kukua, au damu ikidondoka, bana mahali hapo kwa gozi safi dakika 10 kwa saa ya ukutani, bila kuchungulia. Wengi huchungulia kila dakika, na damu huanza upya. Ikikataa, endeleeni kubana huku mkielekea hospitali.

Kwa kawaida bandeji hutolewa baada ya saa 24 hadi 48. Ikiwa imeganda, usiivute. Mkalishe kwenye beseni la maji safi ya vuguvugu robo saa, italegea yenyewe.

Hatua ya 4: Kuosha, kisha kuacha

Bandeji ikishatoka, mwogeshe maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku, uyaache yapite tu juu ya kidonda. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Kisha paka mafuta ya mgando, kutoka kopo jipya, kwenye kichwa cha uume ili kisishike nguo. Inatosha. Spiriti, dawa ya meno, majivu, unga wa vidonge vilivyosagwa: hapana. Bibi akisisitiza, mwambie nesi amekataa. Nimezoea kulaumiwa.

Sasa jambo linaloleta simu nyingi kuliko yote. Siku ya 2 au ya 3 ngozi iliyo chini ya kichwa huvimba kama andazi, halafu kichwani hutanda utando wa manjano. Ule utando si usaha. Ni kidonda kinapona, kama gamba la goti lililochubuka, ila hapa pana unyevu ndiyo maana haukauki. Haunuki, hautiririki, na hutoweka wenyewe baada ya wiki moja au mbili. Mama mmoja aliusugua kwa pamba kila asubuhi, na kila asubuhi damu ilitoka. Usaha ni mzito, unanuka, na wekundu wake huzidi kupanda kuelekea tumboni.

Hatua ya 5: Mkojo

Watoto ni wajanja. Akishaonja kuwa kukojoa kunachoma, anakataa maji, mkojo unakuwa mkali, na unachoma zaidi. Mpe maji na juisi mara kwa mara, na mwache akojoe ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Akojoe pia kabla ya kulala, maana kibofu kikijaa uume husimama alfajiri na kuvuta nyuzi.

Hatua ya 6: Nguo na michezo

Kanga au kikoi bila chupi, kama wari wa jando. Usiku, kata kikombe cha plastiki nusu, lainisha ukingo kwa plasta, ukiweke juu ili shuka lisiguse. Shule baada ya wiki moja. Baiskeli, mpira na kuogelea baharini vingoje wiki tatu hadi nne.

Msisubiri kesho

Mrudisheni mara moja akipitisha saa 12 bila kukojoa, akipata homa ya 38 au zaidi, kichwa cha uume kikigeuka bluu au cheusi, usaha ukitoka, au akitapika kila anachomeza. Taya zikikaza na mwili ukikakamaa, msipitie popote, nendeni hospitali kubwa.

Nyuzi huyeyuka na kudondoka zenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Mmoja ukibaki unaning'inia, usiuvute wala usiukate kwa wembe wa nyumbani. Mleteni, ni kazi ya dakika moja.