Sabuni ya Kufulia: Anza na Maji, Kisha Hesabu kwa Beseni

Kabla ya kuuliza sabuni ipi ni nzuri, mkazi wa Dar es Salaam anapaswa kujua kwanza nguo zake zinafuliwa kwa maji gani. Katika mtaa mmoja, nyumba hii inaweza kuwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linaloleta maji ya Mto Ruvu, na nyumba ya pili ikawa inategemea kisima kilichochimbwa uani ambacho maji yake, hasa kikiwa karibu na bahari, yana ladha ya chumvi. Sabuni ileile itasifiwa katika nyumba ya kwanza na kulaumiwa katika ya pili, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Maji mengi ya visima ni magumu, yaani yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche, ambayo hupikwa kwa mafuta na magadi makali, ikikutana na madini hayo huganda na kuwa utando mweupe unaoelea majini na kunata kwenye nguo. Sehemu kubwa ya mche huishia katika utando huo badala ya kutoa uchafu, na ndiyo sababu shati jeupe lililofuliwa kwa maji ya kisima huanza kufifia na kukakamaa hata kama mfuaji amefikicha kwa bidii. Sabuni ya unga husumbuliwa kidogo zaidi na maji hayo, kwa kuwa kiini chake hakigandi kwa urahisi namna hiyo, na nyingi huchanganywa na viambato vinavyoyalainisha maji.

Kupima maji yako hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya nusu lita iliyo safi, jaza maji hadi nusu, tia vipande vidogo vilivyokwanguliwa kutoka kwenye sabuni ya mche, funga na utikise kwa nguvu. Povu likijaa na maji yaliyo chini yake yakabaki karibu maangavu, maji yako ni laini na mche utakufaa kwa kazi nyingi. Povu likiwa haba na maji yakachafuka kama yametiwa maziwa, maji ni magumu, na kwa nguo nyingi utapata faida zaidi kwa sabuni ya unga, huku mche ukibaki kwa ajili ya kusugulia kola, makwapa na pindo kabla ya kuloweka. Jaribio hili lifanywe kwa sabuni ya mche tu, kwa sababu ya unga hutoa povu hata katika maji magumu na haitakuonyesha tofauti.

Sabuni ya maji inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa inauzwa kila kona ya jiji na bei yake huvutia. Wapo wajasiriamali waliofundishwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanaopima viungo vyao vizuri na kupata alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa zao zinastahili kununuliwa. Wapo pia wanaouza kwenye chupa tupu za maji ya kunywa zisizo na jina la mtengenezaji, na hapo mnunuzi hana chochote cha kumwongoza isipokuwa macho yake, ambayo hudanganyika kwa urahisi. Watu wengi huinamisha chupa, huona sabuni inateremka polepole kama uji, nao huamini kwamba ni kali. Uzito huo hupatikana kwa kuongeza chumvi ya kawaida kwenye mchanganyiko, kwa hiyo sabuni nzito inaweza kuwa na nguvu ndogo kuliko nyepesi iliyo kando yake. Rangi na manukato navyo havitoi doa lolote.

Povu nalo limepewa heshima isiyolistahili. Linaonyesha kwamba sabuni ipo majini, lakini halipimi uwezo wake wa kutoa uchafu, na linapozidi hudai maji mengi ya kusuuzia. Kwa familia inayonunua maji kwa ndoo au kwa boza, kila beseni la ziada la kusuuzia ni gharama ya kufua, hata kama haikuandikwa kwenye pakiti. Anayetumia mashine ya kufulia, hasa ile inayofunguliwa mbele, anunue sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, kwa sababu ile ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi linalozuia nguo kusuguana na linaloweza kuvuja.

Sasa bei. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulinganisha bei ya pakiti kwa pakiti, ilhali kinachopaswa kulinganishwa ni gharama ya beseni moja la nguo zilizotakata. Njia ninayoipendekeza haihitaji mizani: siku unapofungua mfuko, andika juu yake bei uliyonunulia, kisha weka alama moja kila unapofua beseni moja. Mfuko ukiisha, gawanya bei kwa idadi ya alama. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mfuko wa kilo moja wa shilingi 6,000 umefua mabeseni 16. Kila beseni limegharimu shilingi 375. Mwingine wa uzito huohuo ulionunuliwa kwa shilingi 4,500 umefua mabeseni 10, kwa hiyo kila beseni limegharimu shilingi 450, kabla hata hujahesabu maji ya kusuuza. Aliyechagua wa 4,500 alidhani ameokoa pesa. Fanya hesabu hiyo kwa aina mbili au tatu, katika maji yako na kwa nguo zako, nawe utapata jibu la uhakika kuliko tangazo lolote.

Vifuko vidogo vya dukani vinamsaidia asiye na pesa ya mfuko mzima kwa siku hiyo, na hakuna aibu katika hilo, lakini gawanya bei kwa gramu uone unachokilipia. Majirani wawili au watatu wakichanga wanaweza kununua mfuko mkubwa kwa bei ya jumla Kariakoo na kugawana, ilimradi umefungwa kiwandani, una alama ya TBS, uzito halisi, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga unaochotwa kwenye gunia lililo wazi siushauri, kwani hujui umechanganywa na nini.

Ukisoma maelezo ya pakiti, tafuta kama sabuni ina vimeng'enya (enzymes). Hivi humeng'enya uchafu wa damu, jasho, maziwa na uji, na vinafaa sana kwa nyumba yenye watoto wadogo, lakini vinahitaji muda: loweka nusu saa kabla ya kufikicha. Usitumie maji ya moto sana, kwa kuwa yanaviharibu na pia hufanya doa la damu ligande kwenye uzi. Maji ya Dar es Salaam yalivyo na uvuguvugu wake yanatosha. Hariri na sufu zisifuliwe kwa sabuni ya aina hiyo. Vilevile, sabuni zenye viambato vya kung'arisha huacha mng'ao wa samawati usioonekana wazi unaozifanya nguo nyeupe zipendeze, jambo linalofaa mashati ya shule lakini si kanga na vitenge vya rangi ya maziwa au kaki.

Muulize pia anayefua, awe mama, dada wa kazi au dobi, mikono yake ikoje baada ya kazi. Sabuni inayochubua vidole au kuacha ngozi ikipasuka si ya bei rahisi, kwa kuwa mwingine anailipia kwa maumivu yake. Nguo za mtoto mchanga zifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali na zisuuzwe mpaka maji yatoke bila utelezi.

Usichanganye jiki na sabuni ya chooni, siki au kitu kingine chenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini yenye sumu. Hifadhi unga kwenye kopo lenye mfuniko, maana unyevunyevu wa pwani huugandisha na kuupunguzia nguvu. Na sabuni ya maji iliyokuja katika chupa ya maji ya kunywa, iandikwe kwa maandishi makubwa na iwekwe juu, mbali na mtoto mwenye kiu, siku hiyohiyo inapoingia nyumbani.