Somo: Springi na shokapu za Land Cruiser mkonga iliyonyanyuliwa

Wakuu, kila siku naulizwa shokapu gani kali kwa mkonga (Land Cruiser zile zenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo) iliyonyanyuliwa, na anayeuliza hata springi bado hajanunua. Shokapu inanunuliwa mwisho. Springi ndio inabeba gari, shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurusha, na urefu wake huwezi kuujua kama hujajua gari itakaa kimo gani. Hapa naongelea 75 pikapu, zile za springi za pleti mbele na nyuma, HJ75 ya injini ya 2H na HZJ75 ya 1HZ iliyoanza 1990, huku Arusha bado zinapiga kazi mpaka leo.

Hatua ya 1: uzito
Peleka gari mizani ikiwa vile unavyoitumia siku zote, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Bampa la chuma, winchi, keria, tanki la pili, vyote viwepo. Dumu la lita 20 la dizeli ni kama kilo 17, la maji ni 20, ukipanga sita ushagusa kilo mia na abiria hawajapanda. Mzigo wa mara moja moja usikufanye ununue springi ya tani, gari ikiwa tupu itakuvunja mgongo.

Hatua ya 2: springi
Usihesabu pleti tu, pima na unene wake. Pleti ya milimita 8 ni ngumu zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 6, urefu na upana vikiwa sawa, hapo ndipo watu wanauziwa springi ya lori wakidhani ni ileile tu imeongezwa pleti moja. Kimo kitoke kwenye upinde wa springi yenyewe, kwangu sentimita 5 zinatosha kabisa. Sheko ndefu, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi, siipendi, ili upate sentimita 5 inabidi iongezeke kama 10 maana inanyanyua ncha moja tu ya springi, halafu inaizungusha difu. Na vile vitofali vya chuma kati ya springi na ekseli, mbele usiweke kabisa, ndiyo ekseli ya usukani hiyo.

Hatua ya 3: funga, shusha, pima
Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Bolti za bushi usizikaze mpaka gari imekaa chini kwa uzito wake, ukizikaza ikiwa kwenye jeki mpira wa bushi unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Sasa chukua futi, pima kutoka kishikio cha juu cha shokapu mpaka cha chini, tuseme 450mm. Pima nafasi kati ya ekseli na mpira wa chesisi, ule unaozuia ekseli isigonge chesisi, tuseme 90, toa, unabaki na 360. Halafu nyanyua chesisi ekseli ining'inie, pima tena, tuseme 555. Hapo unatafuta shokapu ambayo ikifunga kabisa haizidi 340, kwa sababu ule mpira nao unabonyea, na ikifunguka inafika 565. Ikiwa ndefu mno itagonga kitako na kung'oa kishikio, ikiwa fupi ndio itakuwa inazuia ekseli isishuke na itakatika.

Hatua ya 4: aina ya shokapu
Kinachoua shokapu huku ni joto la rasta, vile vijituta vya mfululizo kwenye barabara ya vumbi. Ile njia ya Ngorongoro kushuka Naabi, geti la Serengeti, mafuta ndani yanachemka, yanachanganyika na hewa yanakuwa povu, na gari inaanza kuelea. Gesi ya naitrojeni inapunguza povu, na shokapu nene yenye mafuta mengi inachelewa kuchemka. Ya silinda moja inapoa vizuri, ila jiwe likiibonyeza imekwisha, pistoni inatembea kwenye ukuta huohuo. Ya silinda mbili inavumilia, mimi kwa njia za mawe nachukua hiyo.

Mwisho angalia mipira ya breki kama haivutwi, rekebisha valvu ya breki za nyuma maana gari ikinyanyuka yenyewe inadhani huna mzigo na inapunguza breki, na ukifika kilomita 500 kaza yubolti tena.

MASWALI

Swali: Mkuu yangu ni 79 ya mwaka 2004, mbele ina koili, somo linanihusu?
Jibu: Vipimo ni vilevile. Ila koili ikinyanyuka ekseli inasogea pembeni kidogo kwa sababu ya ile fimbo ya kukingama inayounganisha ekseli na chesisi, na pembe ya usukani inalala, kwa hiyo ulizia bushi za kurekebisha pembe.

Swali: Naweza kuongeza pleti moja kwenye springi za zamani zilizolala?
Jibu: Inawezekana, ila upinde wake ufanane na za zamani. Ukiweka iliyopinda sana itabeba mzigo peke yake na itapasuka, na mara nyingi inapasukia pale kwenye tundu la senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshika pleti pamoja.

Swali: Nimenyanyua, sasa usukani unatangatanga kwenye lami, fundi anasema ni shokapu.
Jibu: Shokapu hapana mkuu. Anza na pembe ya ekseli ya mbele, huenda imelala mbele. Inarekebishwa kwa kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli, usikubali ya alumini, inapondeka. Ukiweka kabari angalia na propela, joint zisikunjike kupita kiasi.