Injini ya trekta inagonga na haiachi: jua mlio unatoka wapi kabla ya kuifungua

Injini yoyote ya dizeli hugonga kidogo ikiwa baridi. Unaotafutwa hapa ni mlio ambao haukuwepo zamani na hauishi hata injini ikishapata moto. Hasara kubwa huja pale injini inaposhushwa yote, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikapelekwa kuchongwa, kumbe tatizo lilikuwa nozeli moja, yaani ncha ya injekta inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Kwa hiyo anza na kisichogharimu.

Mfano wetu ni Massey Ferguson 240 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lakini njia hii inafaa injini nyingi za zamani zenye pampu ya kawaida. Trekta mpya za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote) usilegeze mabomba yake kabisa: presha humo hupita baa 1,000 na huchana nyama.

Hatua ya 1: Oili

Vuta kijiti cha oili. Ikiwa kiwango kimepanda na oili inanuka dizeli, kuna injekta inayovuja au kiwambo cha pampu ndogo ya mafuta kimechanika. Oili iliyopungua uzito hivyo hula beringi haraka.

Kisha fungua swichi ya presha ya oili na ufunge geji ya mkono mahali pake, maana taa ya dashibodi haitoshi. Injini ikiwa moto na mwendo ukiwa juu, presha ikishindwa kufika psi 30 (kama baa 2), zima na uruke hadi hatua ya 6. Kila dakika unayoendelea kulima inaongeza bei ya kranki.

Hatua ya 2: Dizeli yenyewe

Dizeli ya jerikeni kando ya barabara mara nyingine huwa imechanganywa. Petroli ikiwemo, mafuta huchelewa kuwaka, kisha huwaka yote kwa mpigo, na injini hugonga kwa ukali. Mafuta ya taa ni mepesi, kwa hiyo husaga pampu na nozeli.

Chomoa bomba linalotoka kwenye tangi, ulitumbukize ndani ya jerikeni ya dizeli safi ya kituo unachokiamini. Badilisha filta, toa hewa yote, washa kwa dakika 15. Mlio ukitulia, mwaga mafuta yote ya tangi na uoshe tangi.

Hatua ya 3: Kata silinda moja moja

Vaa miwani. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, legeza nati ya bomba la injekta ya kwanza nusu mzunguko hadi dizeli itoke pale badala ya kuingia ndani. Usiweke kidole mbele yake. Sikiliza, kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu.

Injini ikipunguza mwendo, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipopunguza, ilikuwa imelala tangu mwanzo. Mlio ukipotea au kufifia, umeipata silinda yenye tatizo. Hapo mafundi wengi husema "ni beringi" na kuanza kufungua. Bado. Nozeli mbovu na beringi iliyolegea ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) zote hunyamaza unapokata mafuta, kwa sababu ukikata, mlipuko unaosukuma pistoni haupo tena.

Hatua ya 4: Hamisha injekta

Hatua hii ndiyo inayotenganisha hayo mawili. Toa injekta ya silinda inayogonga, ubadilishane na ya jirani. Tumia washa (pete bapa za kuziba) mpya za shaba, na umulike tochi ndani ya tundu: washa ya zamani hupenda kubaki chini. Zikiwa mbili, nozeli inainuka na kunyunyiza mahali pasipo pake, ukajitengenezea mlio mwingine. Kaza nati mbili za injekta kwa zamu, kidogo kidogo.

Toa hewa, washa, rudia hatua ya 3. Mlio ukihama na injekta, peleka injekta zote tatu zikapimwe kwenye mashine. Ukibaki silinda ile ile, tatizo ni la chini: beringi, pini ya pistoni au pistoni yenyewe.

Ikiwa silinda zote zinagonga, na mlio ulianza baada ya pampu kufunguliwa, zima injini uangalie alama ya flanji ya pampu na ile ya kava ya gia. Zisipokutana, dizeli inaweza kuwa inaingia mapema mno.

Hatua ya 5: Mlio usiojali mafuta

Mlio mwepesi wa juu: pima nafasi ya tapeti (upenyo kati ya roka na vali), milimita 0.30 injini ikiwa baridi, pistoni ya silinda unayopima ikiwa juu na vali zake zote mbili zimefunga. Ukibadilika unapokanyaga klachi, kagua klachi na boliti za flaiwili. Angalia pia puli ya kranki. Mlio mzito wa chini unaoongezeka plau ikizama udongoni, huku kukata silinda hakuuondoi, ni wa beringi kuu.

Hatua ya 6: Sampu (beseni la oili chini ya injini)

Mwaga oili kwenye beseni safi, uichuje kwa kitambaa. Vipande vinavyong'aa lakini havishikwi na sumaku mara nyingi vinatoka kwenye beringi. Kabla ya kushusha sampu, tegemeza trekta kwa magogo imara: kwenye trekta nyingi sampu ni chuma kizito kinachobeba ekseli ya mbele.

Pima kranki kwa maikromita pande mbili. Ikiwa imekuwa yai, ichongwe, kisha ununue beringi za saizi iliyochongwa: 010, 020 au 030 (sehemu za elfu za inchi). Ukinunua Kisekka, soko la vipuri la Kampala, soma namba nyuma ya beringi yenyewe, usiamini boksi. Usikubali kuwekewa bati jembamba nyuma ya beringi kuu wala ya konrodi. Bati huzuia joto kutoka, beringi huzunguka ndani ya konrodi, na konrodi ikikatika hutoboa bloku.