Piza ya mboga bila oveni: kukanda asubuhi, kula jioni katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unamfaa mtu anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au mji wowote wa Nyanda za Juu Kusini, ambaye hana oveni, anarudi kutoka kazini jioni, na angependa familia yake ile piza ya mboga kabla watoto hawajaanza kusinzia. Nimeuandika baada ya kumwelekeza wifi yangu aliyehamia Makambako, na karibu maswali yake yote yalizunguka jambo moja, yaani kwa nini unga wake hauumuki. Maelekezo mengi ya piza husema unga uachwe kwa saa moja mahali penye joto, na maelekezo hayo yanamfaa sana mtu wa Dar es Salaam. Wakati wa kipupwe, joto la usiku mjini Mbeya linaposhuka chini ya nyuzi 10 na sakafu ya jikoni ikawa baridi hadi mchana, mahali penye joto hapapatikani kwa urahisi. Ushauri wangu ni kwamba tusishindane na baridi hiyo, bali tuipangie kazi.

Hatua ya kwanza: vitu vya kuandaa

Kwa piza nne za ukubwa wa kikaango cha kawaida, pima gramu 500 za unga mweupe wa ngano, ule ule wa chapati, chumvi vijiko viwili vya chai visivyojaa, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, na maji mililita 300 hadi 320. Kiasi cha hamira nitakieleza katika hatua inayofuata, kwa sababu kinategemea saa unayotaka kula. Kikaango kiwe cha chuma kizito. Vikaango vyepesi vya alumini huunguza chini kabla ya juu kuiva, na vile visivyogandisha chakula sivipendi kwa kazi hii, kwa kuwa utando wake huharibika unapowekwa mtupu juu ya moto mkali.

Hatua ya pili: hamira, maji na kuumua unga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Hamira ni viumbe hai vidogo. Katika baridi hupunguza kasi lakini havifi, ilhali katika maji ya moto sana hufa kabisa, na kuanzia nyuzi 55 hadi 60 hakuna tena cha kutegemea. Mtu wa nyanda za juu hukosea kwa urahisi kwenye jambo hili, maana anaposikia baridi mwilini huona ni busara kumwaga maji ya birika juu ya hamira ili kuisaidia. Pale unapohitaji kuyapasha moto, maji yanayofaa ni ya uvuguvugu, ambayo ukichovya kidole huhisi baridi wala moto. Kama yanakufanya ukitoe kidole haraka, yaache yapoe kwanza.

Jambo la pili la kuchunguza ni umri wa hamira yenyewe. Pakiti iliyofunguliwa, ikatumika kidogo, kisha ikakunjwa na kurudishwa kwenye kabati lenye unyevu, hupoteza nguvu polepole bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Ihamishie kwenye chupa ndogo yenye kifuniko kinachokaza na uiweke kwenye friji ikiwa unayo. Ukiwa na shaka, koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira na chembe za sukari katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha subiri dakika kumi. Ikitoa povu zito juu na harufu inayokaribia ya togwa, ni nzima. Maji yakibaki yametulia na hamira ikakaa chini kama mchanga, itupe, wala usiitie kwenye unga kwa matumaini. Tena baking poda si mbadala wake katika mwongozo huu, kwa sababu piza ya baking poda hutoka ikiwa na ladha ya biskuti, na sioni faida ya kuipoteza jibini juu ya biskuti.

Sasa nije kwenye kiasi. Ziko njia mbili, nami ninaipendelea sana ya kwanza.

Njia ya kwanza ni ya kukanda asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tumia nusu kijiko cha chai tu cha hamira kwa zile gramu 500 za unga, na maji ya bomba jinsi yalivyo, bila kuyapasha moto. Kanda kwa muda wa kama dakika nane, hadi donge liwe laini na liache kunata kwenye vidole, kisha uliweke kwenye chombo kinachofunikwa na uliache jikoni mchana kutwa. Kwa hamira kidogo na hewa ya baridi, unga huumuka taratibu kwa saa nane hadi kumi, na ukirudi saa kumi na moja jioni unaukuta tayari. Unga ulioumuka polepole huwa na ladha nzuri zaidi kuliko ule wa haraka, tena hunyooka bila kurudi nyuma unapousukuma. Kuanzia Oktoba, joto linapoongezeka, punguza hamira hadi robo kijiko, la sivyo utaukuta unga umepanda, ukashuka, na kuanza kunuka uchachu. Kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako kipupwe ni kikali zaidi, nusu kijiko kilichojaa kidogo hakina madhara.

Njia ya pili ni ya haraka, kwa siku ambayo wazo la piza limekuja jioni yenyewe. Tumia vijiko viwili vya chai vya hamira na maji ya uvuguvugu, kisha uuwekee unga joto lake. Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni hotipoti ya chakula, ile kubwa ya lita tatu au zaidi. Isuuze kwa maji ya moto, yamwage, ifute, acha dakika mbili ili ukali wa joto upungue, halafu weka ndani yake donge ulilolipaka mafuta kidogo na ufunge kifuniko. Baada ya saa moja hivi litakuwa limekuwa mara mbili. Usiuweke unga pembeni mwa jiko la mkaa linalowaka, kwa kuwa upande mmoja huiva na upande mwingine hubaki baridi. Na ninaomba jambo hili lizingatiwe hata na asiyepika piza: usiliingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, iwe ni kwa ajili ya unga au kwa ajili ya kuota moto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Chombo na mahali pake pia vina sehemu yake. Wifi alikuwa anatumia bakuli la alumini alilolikalisha juu ya sakafu ya saruji, na saruji ya Makambako mwezi wa Julai huvuta joto lote la unga katika muda mfupi. Nilimshauri ahamie kwenye ndoo ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, aiweke juu ya meza ya mbao au juu ya kanga iliyokunjwa, na afunge kamba ya mpira kuizunguka pale unga unapoishia mara baada ya kukandwa, ili aone kwa macho umepanda kiasi gani. Chombo kifunikwe vizuri, maana hewa ya kiangazi huku ni kavu na hufanya unga uote ngozi ngumu ambayo haiondoki hata ukiukanda upya.

Usiamini saa kuliko kidole. Chovya kidole kwenye unga mkavu, kibonyeze katikati ya donge, kisha ukitoe. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, ni wakati wake. Likibaki vilevile na donge likaanza kunywea, umechelewa, lakini bado unaweza kulikanda kidogo na kulitumia kwa mikate ya kikaango badala ya piza.

Jambo la mwisho kuhusu unga ni chumvi. Usiikoroge pamoja na hamira kwenye kikombe kimoja. Itie kwenye unga mkavu kwanza, ndipo umimine maji.

Hatua ya tatu: rojo la nyanya

Wakati unga unamalizia, katakata nyanya sita zilizoiva sawasawa. Za Ilula, unaposhuka kutoka Iringa kwenda Morogoro, zina sifa yake, lakini hata za sokoni Mwanjelwa zinafaa kama hazijapondeka. Kaanga punje tatu za kitunguu saumu kwenye mafuta, weka nyanya na chumvi, kisha pika bila kufunika hadi ukipitisha mwiko sufuria ionekane chini na rojo lisiifunike njia hiyo haraka. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo kupika rojo na maharage huku huchukua muda mrefu kuliko pwani. Rojo jepesi huloanisha piza, na hakuna moto wa kikaango unaoweza kulirekebisha.

Hatua ya nne: mboga na jibini

Mboga yenye maji mengi ikaangwe kwanza, nayo ni uyoga, mchicha na nyanya zaidi ya zile za rojo. Mchicha ukishanyauka ukamue kwa mkono. Pilipili hoho na vitunguu vikatwe vyembamba na viwekwe vibichi. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe wanalo kwa wingi, lisiguse moto, kwani likipata joto huwa chungu. Lipange juu ya piza iliyokwisha kuiva, pamoja na chumvi na ndimu.

Kuhusu jibini, chukua inayoyeyuka, kama mozzarella, ambayo hutengenezwa hata hapa nyanda za juu, na uikwaruze kwa matundu makubwa. Jibini unayotengeneza mwenyewe kwa kugandisha maziwa ya moto kwa ndimu ni tamu na ni rahisi, ila haiyeyuki hata ukiipikia mpaka asubuhi, kwa hiyo ichukulie kama mboga mojawapo na uimwage vipande vipande. Asiyekula jibini apake maharage yaliyopondwa juu ya rojo, kisha aweke parachichi mwishoni.

Hatua ya tano: kupika

Gawa donge mafungu manne, yaache yapumzike dakika kumi, kisha sukuma moja hadi liwe nene kuliko chapati kidogo tu. Pasha kikaango moto wa wastani, usitie mafuta, weka unga, na usubiri uote malengelenge na upate madoa ya kahawia chini, jambo la dakika mbili hivi. Kitoe kikaango motoni, geuza unga, na upange rojo, jibini na mboga juu ya upande ulioiva. Rojo liwe vijiko vitatu vya chakula, si zaidi.

Sasa fanya kama unavyopalia wali. Punguza makaa ya chini yabaki machache, funika kikaango kwa mfuniko bapa wa bati wenye ukingo ulioinuka, na uweke makaa ya moto juu yake, uliyoyakung'uta majivu kwanza. Baada ya dakika nne au tano jibini itakuwa imeyeyuka na kuanza kupata rangi. Unapofunua, inua mfuniko wima kwanza, halafu uusogeze pembeni, kwa maana ukiuinamisha juu ya piza majivu yataingia kwenye jibini. Mfuniko wa kioo au wenye kishikio cha plastiki usitumike. Kwa jiko la gesi, ambalo halina moto wa juu, funika tu na upunguze moto hadi mwisho. Jibini itayeyuka lakini haitapata rangi, na hiyo ndiyo sababu ninaendelea kuweka mkaa kidogo ndani ya nyumba yenye mtungi wa gesi.

Hatua ya sita: jioni zinazofuata

Donge lililobaki lipake mafuta, lifunike, liweke kwenye friji, na litumie ndani ya siku mbili. Lisukume duara, weka njegere na viazi vilivyopondwa vikiwa na binzari kwenye nusu moja ya duara, kunja kama sambusa kubwa, bana kingo kwa uma, na uoke kwenye kikaango kikavu pande zote mbili kwa moto mdogo. Rojo lililobaki hufaa kwa tambi au kwa maharage ya jana. Kipande cha piza kilicholala kipashwe kwenye kikaango kikavu bila mfuniko, kwani kikifunikwa huloa kwa mvuke wake chenyewe.